HESABU YA KAZI YA UKUTA
Somo kwa walimu, wazee wa vijiji na wote wasimamiao ujenzi

Mahali pengi watu hujenga shule, zahanati na nyumba za walimu kwa nguvu zao wenyewe. Wengine huchoma matofali, wengine huchota maji, na mwashi mmoja au wawili huajiriwa ili kuusimamisha ukuta. Kazi ikiisha, au ikichelewa, huzuka swali: Je, watu hawa wamefanya kazi ipasavyo? Aghalabu swali hili hujibiwa kwa macho, wala si kwa hesabu. Aliyepiga kelele nyingi husifiwa kuwa hodari, aliye kimya huitwa mvivu, na mama aliyechota maji tangu alfajiri hatajwi kabisa.

Hukumu ya namna hiyo ina hasara. Mwashi aweza kunyimwa haki yake, ama kijiji kikatoa fedha zisizostahili. Tena watu wakisingiziwa uvivu mwaka huu, mwaka ujao wakiitwa hawatakuja kwa moyo. Zaidi ya hayo, mvua haimngoji mtu. Ukuta usioezekwa ukinyeshewa na masika, hasa ukiwa umejengwa kwa matofali mabichi au kwa udongo mtupu, hulowana ukalainika, na huenda ukaanguka.

Kwa hiyo twataka kueleza namna ya kupima kazi ya ukuta. Hesabu yenyewe si ngumu. Mtoto ajuaye kuzidisha na kugawanya aiweza. Kilicho kigumu ni mambo mawili: kwanza, kuhesabu yote yapasayo kuhesabiwa, pili, kulielewa vema jibu linalopatikana.

1. Tija ni nini

Tija ni faida ipatikanayo katika kazi. Kwa hesabu, tija ya kazi ni kiasi cha kazi iliyokwisha, kikigawanywa kwa nguvu za watu zilizotumika. Kazi iliyokwisha twaipima kwa mita za mraba za ukuta. Nguvu za watu twazipima kwa siku za mtu, au kwa saa za mtu.

Siku ya mtu ni kazi ya mtu mmoja kwa siku moja. Watu 6 wakifanya kazi siku 10, hizo ni siku za mtu 60. Watu 10 wakifanya kazi siku 6, hizo pia ni siku za mtu 60. Lakini siku za mahali pote si sawa. Huku watu huanza saa 1 asubuhi wakaacha saa 7 mchana, yaani saa 6. Kwingine huendelea hata saa 9 alasiri, yaani saa 8. Kwa hiyo, mtu atakaye kulinganisha kazi za mahali pawili yafaa ahesabu saa, asihesabu siku.

Hesabu hii yaweza kufanywa kwa njia mbili. Ukigawanya mita kwa saa, wapata kujua saa moja huzaa ukuta kiasi gani. Ukigawanya saa kwa mita, wapata kujua mita moja ya mraba hula saa ngapi. Njia ya pili ndiyo ifaayo zaidi kwa mtu anayepanga kazi ya kesho, nasi tutaitumia zaidi katika somo hili.

2. Kupima ukuta

Tutwae mfano wa nyumba ya chumba kimoja cha darasa. Kwa nje urefu wake ni mita 8 na upana wake mita 6. Ukuta ni wa matofali ya kuchoma, unene wake sentimeta 23, na kimo chake mita 2.5. Kuna mlango mmoja wa upana wa mita 0.9 na kimo cha mita 2.1, na madirisha manne, kila moja mita 1.2 kwa mita 1.2.

Wengi hukosea katika pembe. Husema kuta mbili za mita 8 ni mita 16, na kuta mbili za mita 6 ni mita 12, jumla mita 28. Kwa kufanya hivyo wamehesabu kila pembe mara mbili. Yapasa kuta fupi zipimwe katikati ya kuta ndefu. Ondoa unene wa kuta mbili, yaani sentimeta 46, katika mita 6. Zabaki mita 5.54. Mara mbili ni mita 11.08. Jumla ya urefu ni mita 27.08. Zidisha kwa kimo cha mita 2.5, wapata mita za mraba 67.7.

Kisha ondoa matundu. Mlango ni mita za mraba 1.89. Madirisha manne ni mita za mraba 5.76. Jumla ya matundu ni 7.65. Ukuta ulio ukuta hasa ni mita za mraba 60.05, tuseme 60.

Sasa matofali. Tofali letu lina urefu wa sentimeta 23, upana wa 11 na kimo cha 7. Ukiongeza sentimeta 1 ya udongo wa kujengea kwa urefu na kwa kimo, kila tofali huchukua nafasi ya sentimeta 24 kwa 8 katika uso wa ukuta. Mita moja ya mraba huchukua matofali 52 kwa safu moja ya unene. Ukuta wetu una unene wa safu mbili, basi mita moja ya mraba yataka matofali 104. Mita 60 zataka matofali 6,240. Ongeza 5 katika kila 100 kwa ajili ya yatakayovunjika, uandae kiasi cha matofali 6,550.

Wala tusisahau unene. Nyumba za kale za pwani, kama zile za Lamu, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake huwa nene kiasi cha nusu mita. Mita 10 za mraba za ukuta kama huo ni mita 5 za ujazo. Mita 10 za mraba za ukuta wetu wa matofali ni mita 2.3 za ujazo tu. Mwashi wa mawe na mwashi wa matofali hawawezi kulinganishwa kwa mita za mraba. Unene ukitofautiana, zidisha eneo kwa unene, upime kwa mita za ujazo. Na hata hapo kumbuka ya kuwa kuchonga jiwe na kulitafutia mahali pake si sawa na kupanga matofali yaliyo sawasawa.

3. Kuhesabu watu

Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika. Msimamizi huandika majina ya waashi na vibarua wanaolipwa, akawaacha wengine wote. Lakini ukuta haujengwi na aliyeshika mwiko peke yake. Yuko achanganyaye udongo, yuko abebaye karai, yuko asogezaye matofali, yuko achotaye maji, na yuko apandishaye vitu jukwaani. Kama mikono yake imeuhudumia ukuta, jina lake na liandikwe, alipwe asilipwe.

Fanyeni daftari lenye safu tano: tarehe, jina, kazi aliyofanya, saa ya kuanza na saa ya kuacha. Aliyefika kwa nusu siku aandikiwe saa 3, wala si siku nzima. Mvua ikizuia kazi, saa hizo ziandikwe kando na sababu yake. Jioni, pimeni ukuta uliosimama siku ile, mkaandike. Kazi hii haizidi robo saa, na mwalimu aweza kuwapa wanafunzi wa madarasa ya juu waifanye kama somo lao la hesabu.

4. Nyumba mbili zalinganishwa

Tuseme kijiji kimejenga nyumba mbili za namna ile ile tuliyoieleza, kila moja ya mita za mraba 60, kwa matofali ya aina moja na siku za saa 6. Nyumba ya kwanza iliisha kwa siku 10. Nyumba ya pili iliisha kwa siku 12. Kila nyumba ilikuwa na waashi 2 na vibarua 4. Watu wakasema, “Kikundi cha pili ni wavivu, wamechelewa siku mbili.” Wengine wakataka ujira wao upunguzwe.

Daftari likafunguliwa. Ikaonekana ya kuwa nyumba ya kwanza ilikuwa na watu wengine 3 waliochota maji kila siku kwa kujitolea, nao hawakuhesabiwa kwa sababu hawakulipwa. Basi hesabu ya kweli ni hii:

Nyumba ya kwanza: watu 9 kwa siku 10 ni siku za mtu 90, yaani saa 540. Gawanya kwa mita 60: kila mita ya mraba imekula saa 9.

Nyumba ya pili: watu 6 kwa siku 12 ni siku za mtu 72, yaani saa 432. Gawanya kwa mita 60: kila mita ya mraba imekula saa 7.2.

Kumbe kikundi kilichoitwa kivivu kimetumia nguvu chache zaidi kwa kazi ile ile.

Lakini msomaji makini atauliza: Na waashi peke yao, je? Katika nyumba ya kwanza siku za mwashi zilikuwa 20, basi kila mwashi alijenga mita 3 za mraba kwa siku, yaani matofali 312. Katika nyumba ya pili siku za mwashi zilikuwa 24, basi kila mwashi alijenga mita 2.5, yaani matofali 260. Hapa waashi wa kwanza wametangulia. Hesabu zote mbili ni za kweli, ila zinajibu maswali mawili yaliyo mbali. Ya kwanza yaonyesha kijiji kizima kimetoa jasho kiasi gani. Ya pili yaonyesha mwashi amesonga mbele kiasi gani. Atajaye moja na kuificha nyingine hasemi uongo, lakini hasemi kweli yote.

5. Kutafuta sababu

Jibu la kugawanya si hukumu. Lafanana na homa: latuambia kuna jambo, halituambii ni jambo gani. Ili kujua sababu, msimamizi na aketi mahali anapoona kazi yote, akiwa na saa na karatasi. Kila dakika 10 amtazame kila mwashi, atie alama moja: anajenga, au anangoja. Kwa siku ya saa 6 atapata alama 36 kwa kila mwashi. Na awaambie watu mapema kwamba apima mpango wa kazi, hamvizii mtu.

Tuseme katika nyumba ya pili kila mwashi alipata alama 9 za kungoja katika 36. Hiyo ni robo ya siku, yaani saa 1 na nusu. Matofali yake 260 aliyaweka kwa saa 4 na nusu tu. Hayo ni kama matofali 58 kwa kila saa aliyojenga. Katika nyumba ya kwanza kila mwashi alipata alama 2 tu za kungoja, yaani dakika 20. Matofali yake 312 aliyaweka kwa saa 5 na dakika 40. Hayo ni kama matofali 55 kwa saa. Basi waashi walioitwa wavivu walikuwa wepesi wa mkono kuliko wenzao. Walichokosa ni udongo wa kujengea mbele yao.

Na kwa nini udongo ulikosekana? Tumfuate achotaye maji. Kisima kiko mita 400 kutoka kwenye ukuta. Kwenda na kurudi ni mita 800, na kwa mwendo wa kilometa 4 kwa saa hizo ni dakika 12. Tia dakika 3 za kujaza debe na kulimimina. Kila safari ni dakika 15. Katika saa 6 ni safari 24. Mtu huyo akienda bila kupumzika hata mara moja, atatembea kilometa 19 na ushei kwa siku, nusu yake akiwa na kilo 20 za maji kichwani, na ataleta lita 480. Nani aweza kazi hiyo siku 12 mfululizo? Akipumzika, na ni haki yake kupumzika, udongo hukauka, mwashi akangoja, na ukuta ukasimama. Kisha mpita njia amwona mwashi amekaa juu ya matofali, akasema, “Mtazameni yule mvivu.”

Basi kabla ya kumlaumu mtu, pimeni njia anayoipita.

Dawa yake si kuleta watu 3 wa maji kama katika nyumba ya kwanza, ambako wengine walikaa wakingoja debe tupu. Tuseme kikundi cha pili kingeongezwa mtu mmoja tu wa maji, na pipa likawekwa karibu na ukuta, likajazwa jioni kwa ajili ya kesho. Na waashi wakaweza kumaliza kwa siku 10. Watu 7 kwa siku 10 ni siku za mtu 70, au saa 420. Kila mita ingekula saa 7. Nyumba ingeisha mapema kama ile ya kwanza, kwa nguvu chache kuliko zote mbili. Mtu mmoja aliyewekwa mahali pake amefaa kuliko kumi waliorundikana.

6. Mfano wa Marekani

Jambo hili lilichunguzwa sana na Mmarekani mmoja, Frank Gilbreth, aliyezaliwa mwaka 1868. Alianza kujifunza uashi mwaka 1885, akiwa kijana wa miaka 17. Aliona ya kuwa waashi waliomfundisha hawakuweka tofali kwa namna moja, na hata mwashi mmoja alikuwa na namna nyingine akifanya haraka na nyingine akifanya polepole. Akaanza kuhesabu mienendo ya mwili, mmoja mmoja.

Aliona jambo ambalo kila mtu aliliona lakini hakulifikiri: mwashi huinama mpaka chini kuokota kila tofali. Tofali lenyewe ni jepesi, lakini kila ainamapo na kuinuka hubeba pia uzito wa kiwiliwili chake, mara mamia kwa siku. Gilbreth alitengeneza jukwaa lililopandishwa kadiri ukuta ulivyopanda, lenye meza ya kuwekea matofali na udongo kimo cha kiuno. Vibarua walichagua matofali na kuyapanga kwanza, uso mzuri ukielekea upande ufaao, ili mwashi asiligeuzegeuze tofali mkononi. Udongo nao ulichanganywa kwa kipimo, tofali likaketi kwa kusukumwa na mkono bila kugongwagongwa.

Aliyaandika mambo hayo katika kitabu mwaka 1909. Mwaka 1911 mhandisi Frederick Taylor alieleza katika kitabu chake ya kuwa mienendo ya kuweka tofali moja ilipunguzwa kutoka 18 hadi 5, na kwamba katika ukuta mmoja waashi waliokwisha kuzoea walifikia matofali 350 kwa saa, badala ya 120 ya desturi.

Asidhani msomaji ya kuwa twamtaka mwashi wa kijiji aweke matofali 350 kwa saa. Wale walikuwa na vibarua wengi wa kuwahudumia na matofali yaliyo sawasawa, na matofali yao si kipimo cha yetu. Mafundisho yake ni mengine: ongezeko lile halikupatikana kwa kumhimiza mtu kwa maneno, bali kwa kumwondolea kazi isiyo na faida. Nasi twaweza kufanya hivyo bila gharama. Meza ya magogo na mbao ya kimo cha kiuno yatosha. Tofali letu lapata kilo 3. Matofali 6,240 ni zaidi ya tani 18. Heri tani hizo ziokotwe kutoka mezani kuliko kutoka mavumbini.

7. Mambo ya kuangalia

Kwanza, wingi usiue uzuri. Ukuta uliopinda si kazi iliyokwisha. Kila jioni utiwe timazi na pima maji kabla haujaandikwa katika daftari. Sehemu ikibomolewa na kujengwa tena, mita zake huhesabiwa mara moja tu, lakini saa zake zote huhesabiwa. Ndivyo haraka mbaya inavyojionyesha yenyewe katika hesabu. Wala msipandishe ukuta zaidi ya mita 1.5 kwa siku moja, kwa maana udongo mbichi wa chini waweza kubonyea kwa uzito wa juu.

Pili, linganisheni vilivyo sawa. Ukuta mrefu usio na matundu huenda upesi. Wenye pembe nyingi na madirisha huenda polepole, maana kila pembe yataka timazi na matofali ya kukata. Ukuta wa kimo cha kifua ni mwepesi kuliko ule wa juu ya jukwaa. Kwa hiyo msihukumu kwa siku moja. Hesabuni tangu safu ya kwanza hata ya mwisho.

Tatu, hesabu isomwe mbele ya waliofanya kazi. Wazee wa Tanganyika waliopata kufanya kazi katika mashamba ya mkonge waliijua kadi iliyoitwa kipande, yenye nafasi za siku 30. Mtu alipata ujira alipotimiza siku hizo, na mara nyingi siku ambayo kazi aliyopangiwa haikutimia haikutiwa alama. Kadi ile haikuwa na mahali pa kuandika sababu: kama alikuwa mgonjwa, au kama sehemu aliyopewa ilikuwa ngumu kuliko ya mwenzake. Daftari letu lina nafasi ya sababu, nayo isiachwe tupu.

8. Kupanga kazi ya kesho

Faida kubwa ya hesabu hii ni kujua mbele. Tuseme kijiji chataka kujenga vyumba vyenye jumla ya mita za mraba 150 za ukuta, na kimekwisha jua kwamba mita moja hula saa 7.2. Zidisha: ni saa 1,080. Gawanya kwa saa 6: ni siku za mtu 180. Watu 6 watahitaji siku 30. Ongeza siku 5 kwa ajili ya mvua, misiba na gulio: ni siku 35. Kwa siku 6 za kazi kila juma, hayo ni majuma 6 karibu. Kama paa lahitaji majuma 2, jumla ni majuma 8. Mahali ambapo masika huanza katikati ya Machi, jiwe la kwanza la ukuta na liwekwe kabla ya katikati ya Januari. Na matofali yawe yamechomwa tayari kabla ya hapo. Mkianza Februari, paa litakutwa na mvua.

9. Maswali ya kujaribu

Swali la kwanza. Ukuta wa uwanja wa shule una urefu wa mita 20 na kimo cha mita 2, na lango moja la mita 1 kwa 2. Watu 4 walifanya kazi siku 5 za saa 6. Mtu wa tano alikuja siku 4, kila siku saa 3. Mita moja ya mraba ilikula saa ngapi?

Jibu. Ukuta ni mita 40, toa 2, zabaki 38. Saa za watu wanne ni 120, za mtu wa tano ni 12, jumla 132. Gawanya 132 kwa 38: ni kama saa 3 na nusu.

Swali la pili. Mwashi mmoja ameweka matofali 312 kwa siku katika ukuta wa unene wa sentimeta 23, kila mita ya mraba ikiwa na matofali 104. Mwenzake ameweka matofali makubwa ya saruji 45 tu, katika ukuta wa unene wa sentimeta 15, kila mita ya mraba ikiwa na 9.5. Je, ni haki kusema wa kwanza amefanya kazi mara saba ya mwenzake?

Jibu. Si haki. Wa kwanza amejenga mita 3 za mraba. Zidisha kwa 0.23, ni mita za ujazo 0.69. Wa pili amejenga mita 4.7 za mraba. Zidisha kwa 0.15, ni mita za ujazo 0.71. Ukuta waliousimamisha ni karibu sawa, ila wa pili ameinua tofali la karibu kilo 30 kila mara.

Mwalimu akitaka swali la tatu, na awatoe wanafunzi nje, wapime ukuta wa darasa lao wenyewe kwa futi kamba, kisha wakawaulize wazee waliokuwapo walikuwa wangapi, walijenga siku ngapi, na maji yalitoka wapi.